Kutoka Mchezaji Hadi Kocha: Musa, Rockne na Kijana Mmoja wa Tukuyu

Masomo ya kusoma kabla ya kuanza: Hes 27:12-23, Kum 3:23-28, 2 Tim 2:1-2



Vijana wenzangu, leo tunaongea mpira. Najua wapo watakaosema tumeishiwa mada, tumeacha Rozari tumekimbilia uwanjani. Vumilieni kidogo. Chukua Biblia yako, ile ya karatasi kama unayo maana ya kwenye simu meseji zitakusumbua, weka alama kwenye Hesabu sura ya 27, kisha twende pamoja.

Ukifika Tukuyu ukakaa barazani na wazee wa mjini, hasa mvua ikiwa imewafungia hapo (na mvua ya Tukuyu haingoji kualikwa), haipiti nusu saa kabla hujasikia habari za 1986. Mwaka huo Tukuyu Stars, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara. Siyo Simba, siyo Yanga. Timu ya mji mdogo wa migomba na chai, chini ya mlima Rungwe. Watu waliwaita Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa, na mzee akilitamka neno hilo utaona hata mgongo wake unanyooka.

Lakini wasikilize wazee hao mpaka mwisho. Baada ya shangwe, sauti inashuka. Wachezaji wengine walichukuliwa na timu kubwa za Dar es Salaam, miaka ikapita, timu ikashuka daraja. Kijana wa leo wa Rungwe anaijua Tukuyu Stars kama anavyomjua babu aliyefariki kabla yeye hajazaliwa: kwa picha na kwa masimulizi. Kila ninaposikia simulizi hizo najiuliza swali moja. Yule kijana wa miaka 23 aliyebebwa mabegani mwaka 1986, alipofika miaka 35 na miguu ikakataa, alikuwa nani? Mpira ulipomwacha, alibaki na nini?

Swali hilo lilinirudia kwa nguvu kwa sababu ya kaka mmoja ambaye sitamtaja jina. Alisoma chuo cha ualimu, na pale chuoni alikuwa kiungo namba moja. Mechi za vyuo zikija, wenzake walikuwa wanauliza kwanza kama yeye yupo, ndipo wanavaa jezi. Mwaka wake wa mwisho chuoni aliumia goti kwenye mechi ya ndondo, mchangani tu, mechi ambayo hata zawadi yake ilikuwa mbuzi mmoja. Goti likavimba, akalikanda kwa maji ya moto, akarudi uwanjani kabla halijapona, likaharibika zaidi. Majaribio aliyokuwa ameahidiwa kwenye timu moja ya Mbeya mjini yakapita bila yeye. Akamaliza chuo, ajira hakuna, akarudi nyumbani kusaidia shamba la parachichi la baba yake.

Nilimkuta nje ya kanisa baada ya Misa ya pili. Nikamwuliza anaendeleaje. Akaniambia: "Kaka, mimi nilimwomba Mungu kitu kimoja tu. Kimoja! Sikuomba gari wala nyumba. Niliomba nicheze mpira. Sasa kama hata hicho kimoja amekataa, mimi na yeye tunaongea nini tena?"

Sikuwa na jibu. Ningemwambia "mapenzi ya Mungu", na nadhani angeondoka na asingerudi kanisani. Nilimwambia pole, tukasimama pale kimya tukiangalia ukungu unavyoshuka kutoka mlimani. Jibu nililipata baadaye nyumbani, kwenye Biblia, kwa mtu ambaye naye aliomba kitu kimoja tu.

Musa anaambiwa basi

Fungua Kumbukumbu la Torati 3, kuanzia aya ya 23. Musa ni mzee. Ametembea na watu wale jangwani miaka 40: amewaombea walipokosa, amewatafutia maji, amewasikiliza wakinung'unika kuhusu chakula. Sasa nchi ya ahadi inaonekana kwa macho, ng'ambo ya Yordani. Naye anamwomba Bwana ruhusa ya kuvuka tu, akaione ile nchi nzuri, basi.

Mungu anakataa. Tena anakataa kwa namna ambayo ikisomwa kanisani watu hutazamana: anamwambia imetosha, asilitaje tena jambo hilo mbele zake. Apande kilele cha Pisga, aangalie pande zote nne, aone kwa macho, lakini mtoni hatavuka. Halafu, na hapa ndipo wengi tunapita haraka, Mungu hamwachi amekaa na huzuni yake. Palepale anampa kazi: amwagize Yoshua, amtie moyo na kumwimarisha, kwa kuwa huyo ndiye atakayevuka na watu.

Yaani mchezaji anaambiwa: umemaliza, toka nje ya mistari, na kuanzia leo kazi yako ni kumwandaa yule anayeingia badala yako.

Nenda sasa kwenye Hesabu 27. Tukio ni lilelile, lakini linasimuliwa kwa upande mwingine. Hapa Musa hataji kabisa kwamba anataka kuvuka. Mungu anamwambia atakufa kama alivyokufa Haruni ndugu yake, na neno la kwanza kutoka kinywani mwa Musa ni kuwaombea watu wapate kiongozi, mtu wa kutoka mbele yao na kuingia mbele yao, ili wasiwe kama kondoo wasio na mchungaji. Mimi nadhani (ni mawazo yangu, paroko wako anaweza kunisahihisha) tukiziweka sura hizi mbili pamoja tunamwona Musa mzima. Kwanza alilia kwa ajili yake mwenyewe. Kisha akaweza kuwalilia wengine. Usimruke yule wa kwanza ukajifanya umeshafika kwa wa pili.

Kisha tazama jinsi kijiti kinavyokabidhiwa. Musa anamweka Yoshua mbele ya kuhani Eleazari na mbele ya mkutano wote, anamwekea mikono, na Mungu anasema ampe sehemu ya heshima yake mwenyewe. Heshima ya Musa inahamia kwa kijana, hadharani, Musa akiwa bado hai na watu wakiona. Wale mliopo kwenye uongozi wa VIWAWA au TYCS mnajua hilo lilivyo gumu. Tunapenda kuachia uongozi huku tunaondoka na funguo.

Tena Musa hakuanza kumfundisha Yoshua siku ile. Ukirudi Kutoka 17, Waamaleki wamekuja kupigana, Yoshua yuko chini bondeni na upanga, Musa yuko juu ya kilima na mikono yake miwili hewani. Mikono ikiinuka Israeli wanashinda, ikishuka wanashindwa, hadi Haruni na Huri wanamkalisha juu ya jiwe na kumshikilia mikono mpaka jua linazama. Hamoni kitu? Huyo ni kocha pembeni ya uwanja! Hagusi mpira hata mara moja, lakini jioni amechoka kuliko waliocheza.

Waliovuka kutoka uwanjani kwenda benchi

Nchi yetu ina watu wa namna hii. Abdallah Kibadeni aliifungia Simba mabao matatu peke yake siku Yanga ilipolala 6-0, tarehe 19 Julai 1977. Mtu angeweza kuishi maisha yote kwa kusimulia siku hiyo moja. Yeye alirudi kwenye timu akiwa mwalimu, na mwaka 1993 akaifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF. Charles Boniface Mkwasa alicheza Yanga na Taifa Stars, kisha akawa kocha, na mwaka 2010 aliwapeleka dada zetu wa Twiga Stars kwenye fainali za Afrika kule Afrika Kusini, wakati wengi wetu hata hatukujua kama wanawake wana timu ya taifa. Na jirani zetu wa Mbeya wanakumbuka msimu wa 2013/14, Mbeya City imepanda tu Ligi Kuu na Juma Mwambusi yuko kwenye benchi, wakamaliza wa tatu, juu ya Simba. Ungesema 1986 imerudi kupitia njia ya Uyole.

Ila mtu ninayetaka tukae naye kwa muda zaidi anatoka mbali, na mpira wake siyo huu wetu. Anaitwa Knute Rockne.

Kwanza huo mpira. Wamarekani wana mchezo wanaouita futiboli, lakini mpira wenyewe umechongoka kama papai dogo na kazi kubwa ni ya mikono. Unabebwa, unarushwa, na mwenye nao anaangushwa chini. Kila upande una watu 11 kama sisi. Kingine cha kushangaza ni kwamba kule timu za vyuo vikuu zina mashabiki kama Simba na Yanga. Uwanja wa chuo unajaa watu makumi elfu kumwangalia mwanafunzi.

Rockne alizaliwa mwaka 1888 huko Voss, nchini Norwei, katika familia ya Kilutheri. Akiwa na miaka mitano walihamia Chicago. Hakwenda chuo mapema. Alifanya kazi posta kwa miaka kadhaa, akiweka senti juu ya senti, na alipoingia Chuo Kikuu cha Notre Dame mwaka 1910 alikuwa na miaka 22, mtu mzima kati ya watoto, tena mwenye dalili za kuanza kupata kipara. Notre Dame ni chuo cha Kikatoliki kilichoanzishwa mwaka 1842 na mapadre wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, shirika ambalo hata huku kwetu lipo: Uganda walifika tangu 1958. Kwa hiyo tupate picha: Mlutheri, mhamiaji, asiye na fedha, amezidi umri, kwenye chuo cha Wakatoliki. Ukiwa Mkatoliki wa Rungwe, ambako Wamoraviani na Walutheri walikuwa wameshajenga misheni tangu 1891 na sisi ni wachache, unaweza kuelewa hali yake kwa kuigeuza tu.

Mwaka 1913 alikuwa nahodha. Majira ya joto kabla ya msimu, yeye na rafiki yake Gus Dorais walipata kibarua kwenye hoteli ya ufukweni, na muda wa mapumziko walikuwa wanafanya mazoezi mchangani, mmoja anarusha mpira mrefu, mwingine anakimbia kuudaka. Kurusha mpira mbele kulishakubaliwa na sheria tangu 1906, ila timu nyingi zilikuwa hazijajua zikutumieje. Tarehe 1 Novemba walikwenda kucheza na timu ya chuo cha jeshi cha West Point, watu wakubwa wenye vifua, na waliwafunga 35 kwa 13 kwa mipira ile mirefu ya mchangani. Hiyo ndiyo 1986 ya Rockne.

Mwaka uliofuata alihitimu. Kichwa chake kilikuwa cha sayansi. Alipata kazi ya kusaidia kufundisha kemia chini ya Padre Julius Nieuwland, yule padre mwanasayansi ambaye utafiti wake ulichangia kupatikana kwa mpira wa kutengenezwa kiwandani. Rockne aliikubali kwa sharti moja: aruhusiwe pia kusaidia kufundisha timu. Asubuhi maabara, jioni uwanjani, miaka minne akiwa msaidizi wa kocha Jesse Harper. Hakuna aliyemwimba katika miaka ile. Mwaka 1918 akawa kocha mkuu, na katika misimu 13 alishinda mechi 105, akafungwa 12, akatoka sare 5.

Hesabu hizo ni za mashabiki. Ninayoitaka mimi ni habari ya asubuhi moja.

Rockne mwenyewe alisimulia jinsi timu ilivyokuwa ikisafiri kwenda mechi za ugenini. Alfajiri ya siku ya mechi, yeye kocha akiwa hajalala vizuri kwa wasiwasi, aliwaona vijana wake wanatoka mmoja mmoja, macho mazito, wanakwenda kanisani kupata Komunyo. Wangeweza kulala saa mbili zaidi, na siku ile walihitaji usingizi kuliko kitu kingine chochote. Hakuna aliyemhubiria. Hakuna aliyemwambia dini yako siyo. Aliona tu vijana wanaamka. Akaona aibu, akaanza kwenda nao ili asionekane amebaki kitandani, na kidogo kidogo akaanza kujiuliza wanapata nini kule. Tarehe 20 Novemba 1925, akiwa na miaka 37 na jina lake likijulikana Marekani nzima, alibatizwa kwenye kikanisa cha magogo kilichopo palepale chuoni.

Soma tena hapo. Kocha aliongolewa na wachezaji wake. Sisi tumezoea kwamba mwalimu anatoa na mwanafunzi anapokea. Rockne alikuwa na mbinu zote za uwanjani, na wale vijana wa miaka 20 walikuwa na kitu ambacho yeye hakuwa nacho. Musa alimwekea Yoshua mikono, sawa, lakini siku nyingine kijana ndiye anayembariki mzee bila hata kujua.

Rockne hajatangazwa mtakatifu, na mimi simtangazi. Mmoja wa wachezaji wake alikuja kusimulia kwamba kabla ya mechi moja mwaka 1922 kocha aliwasomea simu ya maandishi kwamba mtoto wake mdogo ni mgonjwa sana hospitalini. Vijana wakaingia uwanjani wakilia, wakacheza kama simba, wakashinda. Waliporudi nyumbani, yule mtoto alikuwa stesheni anarukaruka, mzima kabisa. Watu huisimulia kwa kicheko. Mimi inanikera. Ukimfundisha kijana kushinda kwa uongo, umemfundisha uongo, ushindi atausahau. Hii ilikuwa kabla ya ubatizo wake, lakini tusijidanganye, waliobatizwa nao tunafanya haya, tena kwenye mashindano ya parokia. Nani hajawahi kuona kijana wa miaka 22 amesajiliwa na cheti cha mdogo wake?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2289, inatuonya juu ya kuuabudu mwili, kutoa kila kitu sadaka kwa ajili yake na kugeuza mafanikio ya michezo kuwa sanamu. Kanisa halikatai mpira. Mwaka 2018 Vatikani ilitoa hati nzima kuhusu michezo na namna inavyomsaidia mtu kutoa kilicho bora ndani yake. Linalokataliwa ni mpira kukalia kiti cha Mungu. Na utaujuaje umekikalia? Njia mojawapo ni hii: ukiondolewa, je, unabaki na neno la kuongea na Mungu? Yule kaka yangu wa Tukuyu alikuwa amebaki bila neno. Simlaumu hata kidogo. Nadhani aliyasema waziwazi yale ambayo wengi tunayaficha.

Jambo moja zaidi kuhusu Rockne, maana linahusu goti. Msimu wa 1929 alipata ugonjwa wa mishipa ya mguu na madaktari wakamtaka atulie. Alifundisha akiwa kwenye kiti cha magurudumu, wakati mwingine akipelekwa uwanjani amelala. Miguu iliyokimbia mchangani mwaka 1913 haikuwa na kazi tena. Mwaka huo timu haikufungwa hata mechi moja. Tarehe 31 Machi 1931, Jumanne ya Juma Kuu, ndege aliyopanda ilianguka Kansas na wote wanane waliokuwamo wakafa. Alikuwa na miaka 43. Alizikwa Jumamosi Kuu.

Filimbi nyuma ya kanisa

Turudi Tukuyu. Paroko alimwita yule kaka na kumwambia: "Mwalimu, wale watoto wa Kipaimara wanapiga mpira nyuma ya kanisa, na kila wiki kioo kimoja kinaondoka. Hebu waangalie." Akajibu: "Padre, mimi siyo kocha, mimi ni mchezaji." Padre akamwambia: "Goti lako linasemaje?" Ni utani mkali, na siku ile ulimwuma. Alinisimulia kwamba alikwenda kwa hasira, akakaa juu ya jiwe, akawaangalia watoto 19 wanaukimbilia mpira mmoja kama nyuki. Dakika 20 akavumilia. Kisha akasimama na kupaza sauti: "Wewe! Usimfuate mpira, baki hapo, mpira utakuja!" Yule mtoto akabaki. Mpira ukaja. Mtoto akageuka kumwangalia, ameduwaa kama mtu aliyeona muujiza wa Kana.

Alianza hivyo. Filimbi alinunua mwenyewe, koni akatengeneza kwa chupa za maji zilizokatwa na kutiwa mchanga. Hakuna mshahara, na mpaka leo ajira ya serikali bado anaisubiri, usidhani hadithi hii imemalizikia kwenye kapu la baraka. Siku nyingine mvua inapiga na anakuta watoto watatu tu. Siku nyingine goti linauma mpaka anakaa.

Mwaka jana aliletewa mtihani wa kweli. Waandaaji wa bonanza moja walipanga mechi ya kwanza Jumapili saa mbili asubuhi, wakati wa Misa. Watoto walitaka kucheza, wazazi wengine nao walisema Mungu anaelewa. Yeye alikuwa anajua zawadi ni seti ya jezi, na timu yake ilikuwa inacheza na fulana za rangi nne tofauti. Aliwaomba waandaaji wasogeze, wakakataa. Akamwomba paroko, na Misa ya kwanza ilipoanza saa kumi na mbili na nusu, benchi la mbele lilikuwa na timu nzima, njumu zao zimewekwa nje kwenye baraza. Watano kati yao ni Wamoraviani na mmoja ni Mwislamu. Hao hakuwalazimisha waingie. Aliwaambia waende kwenye ibada yao kama ipo mapema, au wapumzike nyumbani. Wamoraviani wawili walikuja hata hivyo, wakakaa nyuma.

Mechi walifungwa, mabao mawili kwa moja. Jezi hawakupata.

Paulo anamwandikia Timotheo, na Timotheo alikuwa kijana. Anamwambia yale aliyoyasikia kwake ayakabidhi kwa watu waaminifu, watakaoweza kuwafundisha na wengine (2 Tim 2:2). Hesabu vizazi: Paulo, Timotheo, hao waaminifu, na hao wengine. Vinne, kwenye aya moja. Paulo anaandika akiwa kifungoni, mbio zake zinaelekea mwisho, na jicho lake liko kwa mtu wa nne ambaye hatamwona kamwe. Nafikiria yule mtoto aliyeambiwa abaki, mpira utakuja. Yuko kidato cha pili sasa. Juzi nilimsikia anamfokea mdogo wake kwenye chandimu, kwa sauti ileile: "Usimfuate mpira!"

Nilimwuliza tena yule kaka kama sasa anaongea na Mungu. Alicheka. "Tunaongea. Bado namwuliza kuhusu goti. Ila siku hizi namwomba vitu vingi, maana wale ni 19 na kila mmoja ana shida yake."

Kwa mazungumzo kwenye jumuiya au kikundi

Someni Hesabu 27:12-23 kwa sauti, msomaji mmoja awe Musa na mwingine Sauti ya Bwana. Nyamazeni dakika tatu. Kisha:

Ni kitu gani kimoja ulichomwomba Mungu ukaambiwa "basi"? Huna lazima ya kukitaja mbele ya wenzako, lakini kiandike.

Kwenye Hesabu 11:26-29 Yoshua anataka Eldadi na Medadi wazuiwe wasitabiri. Musa anamjibu nini, na jibu lile linatufundisha nini kuhusu wivu wa mtu anayekaribia kuachia nafasi yake?

Rockne aliguswa na vijana walioamka alfajiri. Katika timu yako, bweni lako au kazini kwako, ni nani anakuona unapoamka?

Ligi ya mtaa wenu ikipangwa saa ya Misa, kikundi chenu kitafanya nini? Amueni leo, kabla jezi hazijawekwa mezani.

Na kwa mliomaliza chuo mkarudi nyumbani: nyuma ya kanisa lenu kuna watoto wangapi, na nani anashika filimbi?